Nundu ya Siku ya Tatu

Kichwa cha mtoto mchanga si kitu kimoja. Ni vipande vya mifupa vilivyokaa jirani bila kuungana, mfano wa visiwa vilivyotengwa na mikondo myembamba ya bahari, na ngozi ndiyo iliyovifunika vyote vikaonekana kuwa bara moja. Hekima yake ni wazi kwa kila aliyeshuhudia uzazi. Njia ya kutokea ni nyembamba, na kichwa ndicho kigumu kupita. Kwa hiyo vipande hivyo hupandana kidogo wakati wa kutoka, kisha hurejea mahali pake kwa siku chache. Pale vinapokutana vinne, juu ya paji la uso, hubaki uwazi laini unaodundadunda kwa mapigo ya damu. Waswahili wanapaita utosi. Wafaransa walipaona wakapaita kijichemchemi, na lugha nyingine za Ulaya zikaliazima neno hilo. Mahali hapo hufunga taratibu, kwa kawaida kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na mpaka siku hiyo hakuna mzazi anayepita na kidole chake hapo pasi na kushusha pumzi.

Mkono wa mzazi hukijua kichwa hicho kabla ya jicho. Usiku, taa imezimwa, mtoto amelala kifuani, vidole hupita juu ya nywele bila kutumwa, vikatoka kwenye paji vikaenda kisogoni, vikarudi. Vidole hivyo havitafuti kitu. Ila vikikikuta, huwa vimekikuta, na hapana namna ya kuvisahaulisha.

Ndivyo ilivyokuwa katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba, msimu wa karafuu, katika nyumba ambayo majamvi yalikuwa yameanikwa uani na harufu ya karafuu mbichi ilikuwa imeingia hata ndani ya mito ya kulalia. Mzazi alikuwa binti wa miaka 22. Kama ilivyo ada kwa kifunguamimba, alikuwa amerudi kwao kuzaa, na arubaini yake alikusudia kuimaliza mikononi mwa mama yake. Uchungu ulimshika usiku, ukamweka mpaka alasiri ya pili. Hospitalini walipoona nguvu zinamwishia na mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, walimsaidia kwa kikombe kinachonyonya, kikagandishwa kichwani mwa mtoto na kuvutwa pamoja na uchungu wake. Kifaa hicho kimeokoa watoto wengi tangu daktari wa Kiswidi, Tage Malmström, alipokitengeneza kwa namna ya kufaa katika miaka ya 1950. Mtoto wa kiume akatoka, akalia, na babake aliyekuwa amesimama chini ya mwembe wa nje akakisikia kilio hicho akakaa chini pale pale alipokuwa.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimerefuka na kuvimba juu, laini kama unga uliokandwa. Muuguzi akamwambia mama, "Usishtuke, mwanangu. Hilo ni vimbe la njiani, litashuka kwa siku mbili." Na kweli lilishuka. Asubuhi ya siku ya pili wakaruhusiwa kwenda nyumbani, na jioni yake bibi mtu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mjukuu wake ana kichwa cha duara kama cha babu yake.

Usiku wa siku ya tatu vidole vikakuta nundu.

Ilikuwa upande wa kulia, nyuma kidogo ya utosi, ukubwa wa nusu ya ndimu. Haikuwa ngumu, haikuwa moto. Ukiigusa ilikuwa ikibonyea kidogo na kurudi, kama kiriba chenye maji ndani. Ngozi iliyo juu yake haikubadilika rangi. Mama aliishika, akaiacha, akaishika tena kwa mkono wa kushoto akidhani mkono wa kulia umemdanganya. Kisha akamvika mtoto kofia ya sufi, ingawa usiku ulikuwa wa joto, akamlaza, akakaa kitako mpaka adhana ya alfajiri.

Kofia ile ilikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Usiku uliotangulia, wa kwanza nyumbani, alikuwa amesinzia mtoto akiwa mkononi. Alipozindukana alimkuta mtoto ametelezea pembeni, kichwa kimeegemea mti wa kitanda. Mtoto hakulia, wala hakuamka. Lakini mama aliyekuwa hajapata usingizi wa kweli kwa siku tatu alihesabu kwa hesabu yake: usiku wa jana mti wa kitanda, usiku wa leo nundu. Moja na moja zikawa mbili. Tangu saa hiyo nundu ikakoma kuwa uvimbe wa mtoto, ikawa siri ya mama. Na siri, kama ijulikanavyo, haitibiwi; hufunikwa.

Haikufunikika muda mrefu. Asubuhi bibi alipokuja kumwogesha mjukuu, kofia ilivuliwa. Akatazama. Hakusema kitu, akaendelea kumwagia maji ya vuguvugu, akamkausha, akampaka mafuta ya nazi mgongoni na miguuni. Lakini kichwa hakukigusa. Mwanamke aliyezoea kuvikanda na kuvinyoosha vichwa vya watoto wa mtaa mzima, siku ile mikono yake iliishia shingoni. Binti yake aliliona hilo na likamtisha kuliko nundu yenyewe.

Kufika adhuhuri, habari zilikuwa zimetoka. Wanawake waliokuja kusaidia kuchambua karafuu walikaa ukumbini wakitenga karafuu na makonyo, na kila mmoja alikuwa na neno. Mmoja alisema mtoto ameangushwa hospitalini na wauguzi wamefichiana. Wa pili alisema ni kile kikombe, kimemnyonya ubongo. Wa tatu alishusha sauti akataja kijicho: mtoto ametolewa nje ya chumba kabla ya siku zake, akaonwa na mwenye jicho lake. Mvuje ukafungwa mkononi mwa mtoto, wanja ukapakwa katika paji la uso, na mtu akatumwa kwa mwalimu wa chuoni kuomba kombe. Palikuwa pia na aliyeshauri aitwe mpiga chuku, kwani damu iliyokaa pasipo pake, alisema, haina dawa ila kutolewa.

Katika maneno hayo yote hapana lililosemwa kwa ubaya. Watu wale walikuwa wakifanya wafanyacho binadamu popote wanapokutana na jambo lisilo na jina, nalo ni kulitafutia jina. Kiswahili kina maneno mengi ya kinachotokeza mwilini: uvimbe, jipu, tezi, donge, kinundu, manundu. Lakini maneno hayo yote yanaeleza umbo tu. Hayasemi kitu kimetoka wapi wala kinakwenda wapi. Na mzazi hataki kuambiwa umbo, kwani umbo analo chini ya kidole chake. Anataka kuambiwa mwanzo na mwisho.

Siku ya nne na ya tano zikapita katika chumba cha uzazi. Chumba hicho, kama vyumba vya arubaini vilivyo, kilikuwa na dirisha moja lililofungwa kwa kuogopea upepo, na taa ndogo iliyotoa mwanga wa rangi ya samli. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa akilala sana. Akipewa ziwa alinyonya kidogo, akaliacha, akalala tena. Watu wakamsifu kwa upole wake. "Mtoto huyu hana taabu," alisema wifi ya mama, "hata kulia halii." Mama akashukuru Mungu kwa usingizi huo, maana ulimpa nafasi ya kuitazama nundu. Aliipima kwa kidole gumba kila saa. Aliijua pembe zake zote. Laiti angaliulizwa rangi ya macho ya mwanawe, asingalijua la kujibu.

Aliyeyaona macho ni mkunga mstaafu, bibi wa makamo ya uzee aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale, aliyekuwa amesafiri kwenda kumzika ndugu yake na kurejea siku ile ya tano. Alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa shikamoo zake, akapeleka rambirambi alizopewa mahali pake, kisha akaingia chumbani. Wote wakataka kumwonyesha nundu. Akaitazama kwa kitambo kifupi tu, akasema, "Hiyo naijua." Halafu akafanya jambo ambalo hapana aliyelifanya kwa siku tatu: akalifungua dirisha.

Mwanga wa mchana ukaingia. Mkunga akambeba mtoto mpaka dirishani, akambonyeza ngozi ya pua kwa kidole, akakiondoa akaangalia rangi iliyobaki. Akabonyeza kifuani. Akabonyeza gotini. Akamfunua kope. Weupe wa jicho ulikuwa wa manjano, manjano ile ile ambayo lugha yetu imeipa jina la mzizi wa jikoni.

"Tangu lini hanyonyi?" akauliza.

"Ananyonya, Bi Mkubwa, ila kidogo."

"Mkojo wake je?"

Mama hakujua. Bibi mtu ndiye aliyejibu kwamba tangu asubuhi nepi ilikuwa kavu.

"Basi hapa si mahali pa kukaa," mkunga akasema. "Mwiteni babake, atafute gari. Sasa hivi, si baada ya Magharibi. Nundu haimuui. Hii rangi yaweza."

Ya kuelezwa hospitalini yalielezwa kwa vipande, na daktari kijana aliyekuwa zamu jioni ile alikuwa na subira ya kuyarudia. Nundu ile ina jina, nalo ni la Kigiriki, lililoundwa kwa neno la kichwa na neno la damu: sefalohematoma. Kila mfupa wa kichwa umefunikwa kwa utando mwembamba uliougandamana. Mtoto anapominywa njiani, na zaidi akivutwa kwa kifaa, vishipa vidogo vilivyo baina ya mfupa na utando huweza kukatika. Damu huvuja polepole mno, tone baada ya tone, na ndiyo sababu nundu haionekani saa ya kuzaliwa. Hujitokeza baadaye, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, wakati mzazi ameshasahau habari za uchungu. Iko nje ya mfupa. Ubongo uko ndani. Na kwa kuwa utando umefungwa imara katika kingo za kila mfupa, damu hiyo haivuki kwenda mfupa wa jirani.

Baba wa mtoto, ambaye muda wote alikuwa kimya, ndiye aliyeelewa kwanza. "Kama maji ya jaruba," akasema. Daktari, ambaye hakuwa mtu wa Pemba, akauliza jaruba ni nini, akaelezwa habari za vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta mabondeni, na maji yanayosimama ndani yake bila kumwagikia jaruba la pili maadamu tuta halijabomoka. Daktari akacheka akasema mfano huo ataukopa.

Hapo ndipo mama aliposema. Labda ni uchovu, labda ni kule kusikia kwamba jambo lina jina. Alisema habari ya mti wa kitanda, mbele ya mumewe na mbele ya mama yake, macho yake yakiwa sakafuni. Daktari akamsikiliza hadi mwisho, akakipapasa kichwa cha mtoto upya kwa kumheshimu, akamwambia, "Damu hii ilianza kuvuja kabla hujafika nyumbani. Kichwa kuegemea mti wa kitanda usingizini hakufanyi nundu ya namna hii. Hukumfanya kitu." Hakujibu. Mumewe akamshika mkono, jambo ambalo watu wa kijijini kwao hawalifanyi mbele ya mkwe.

Lakini damu ile isiyovuka tuta ilikuwa na njia nyingine ya kutoka, nayo ndiyo iliyokuwa hatari. Damu iliyokusanyika huvunjikavunjika na kurudishwa mwilini, na katika kuvunjika kwake hutoa rangi ya manjano ambayo ini hutakiwa kuitoa. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana watoto wengi hugeuka manjano kidogo katika siku za mwanzo na hali ikapita yenyewe. Mwenye nundu ya damu ana mzigo zaidi ya wenzake. Rangi ikizidi kiasi hupenya hata ubongoni, ikaua usikivu, ikaviacha viungo vikiwa vigumu maisha yote, au ikaua kabisa. Na dalili yake ya mwanzo ni ile ile iliyosifiwa ukumbini: mtoto mpole, asiyelia, mwenye usingizi mwingi na hamu ndogo ya ziwa.

Walichukua damu ya kisigino wakaipima. Kisha mtoto akavuliwa nguo zote ila nepi, akafungwa kitambaa machoni, akalazwa chini ya taa ya buluu. Alikaa humo mausiku mawili na mchana uliokuwa kati yake, akitolewa kwa ajili ya kunyonya tu, na kila baada ya saa chache alipimwa.

Habari ya taa hiyo yastahili kusimuliwa, kwani ilianzia kwa mlezi, si kwa maabara. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mmoja aliyeitwa Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti uani wakaote jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepungua manjano, isipokuwa kipande kimoja cha ngozi kilichobaki na rangi kali, umbo la pembetatu. Ilibainika kuwa pembe ya shuka ilikuwa imepafunika mahali hapo, jua halikupafikia. Kutokana na pembe hiyo ya shuka, Cremer na wenzake walichunguza, wakaunda taa, wakaandika matokeo yao mwaka 1958. Leo inajulikana kuwa mwanga wa buluu huigeuza rangi ile iliyo ngozini kuwa namna inayoweza kutoka kwa mkojo na choo bila kulingojea ini.

Bibi mtu aliposimuliwa kisa hicho alifurahi mno. "Basi na sisi tulikuwa tukijua," akasema, "jua la asubuhi tulikuwa tukiwaotesha." Kuna ukweli katika neno lake, na kuna mpaka wake pia. Jua la dirishani halina kipimo. Halimulikii mwili wote, humchoma mtoto au humwacha akapata baridi, na mtoto ambaye rangi imemzidi hawezi kulingojea lichomoze. Wazee waliiona njia. Taa imeipa kipimo.

Swali la chuku nalo liliulizwa, tena bila aibu. Daktari hakumcheka aliyeuliza. Alisema damu iliyofungiwa chini ya utando ni safi, haina mdudu, na mwili wenyewe utaimeza pole pole. Sindano, wembe au pembe hufungua mlango, na kupitia mlango huo huingia vijidudu, penye damu iliyosimama, juu ya mfupa mwembamba wa mtoto. Kilichokuwa si ugonjwa kikawa ugonjwa. Dawa yake ni kuiacha. Hilo ni agizo gumu kuliko yote kwa mzazi: kutofanya kitu.

Mtoto akarudi nyumbani siku ya nane, macho meupe, sauti kubwa. Alilia usiku kucha na hapana aliyelalamika. Akika iliyokuwa iwe siku ya saba ilifanywa siku ya kumi na nne. Mzee aliyekuja kumnyoa alitumia wembe kwa upande mmoja, na alipofika penye nundu aliuweka chini, akachukua mkasi, akazikata nywele kwa uangalifu wa mtu anayevuna juu ya kiota. Nywele zilipoondoka, nundu ikawa wazi mbele ya hadhara yote. Mama hakuifunika. Walioitazama waliambiwa jina lake, na wengine walijaribu kulitamka.

Hofu, hata hivyo, haiondoki mara moja. Katika juma la tatu vidole vilikuta jambo jipya. Ukingo wa nundu ulikuwa umekuwa mgumu kama mfupa, na katikati palikuwa laini, pakizama ukipabonyeza. Yeyote apapasaye kichwa namna hiyo ataapa kuwa fuvu lina shimo. Mama alirudi hospitalini asubuhi hiyo hiyo, peke yake na mwanawe, bila kungoja kushauriwa, na alipofika hakuanza kwa kujilaumu. Akaambiwa kwamba ndivyo inavyopona. Mwili huanza kujenga mfupa pembezoni kabla damu ya katikati haijakwisha, na ukingo ulioinuka huvidanganya vidole vikadhani kilichopo katikati ni shimo. Akashikwa kidole, akaongozwa apapase kuanzia nje kuingia ndani, mpaka akahisi kuwa chini ya ulaini ule sakafu ipo, nzima. Nundu nyingi za aina hii huisha katika majuma machache au miezi mitatu. Chache hugeuka mfupa mgumu, kisha kichwa kinapokua hujisawazisha nazo.

Siku ile aliuliza pia maswali ambayo jirani zake walimtuma. Akaelezwa kuwa vitezi vidogo kama dengu, vinavyotembea chini ya kidole kisogoni au nyuma ya sikio, huonekana kwa watoto wengi, hasa wenye vipele au ukurutu kichwani, na aghalabu havina hatari. Uvimbe uliokuwapo tangu kuzaliwa katika mstari wa kati wa kichwa, uwe juu ya pua, utosini au kisogoni, usipapaswe sana wala usitobolewe. Uonwe na daktari. Vimbe lililotepeta linalojitokeza baada ya mtoto mchanga kuanguka halingojewi kesho. Utosi unaotuna mtoto akiwa ametulia na amekalishwa wima, pamoja na homa au kutapika au degedege, ni wa kukimbizwa. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha ni kiu ya mwili mzima. Aliyapokea yote hayo, na aliporudi aliyatoa ukumbini kama alivyoyapokea, mbele ya majamvi ya karafuu zilizokwisha kukauka.

Bibi mtu alisikiliza mpaka alipofika kwenye habari ya utosi unaotuna. Hapo akaziacha karafuu mikononi. Jioni, walipobaki wawili, akamwambia bintiye jambo ambalo hakuwa amemwambia kwa miaka 22. Kabla yake yeye alizaliwa mtoto mwingine, wa kiume, aliyefika miezi minne. Alipata homa. Utosi ulituna kama ulimi wa chungu kinachochemka. Siku zile gari hazikuwa karibu, na watu wenye hekima walikuwa wengi ukumbini, kila mmoja na neno lake. "Wakimpaka, wakimfukiza," akasema. "Mimi nikimshika kichwa. Alifia hapa mkononi." Akaunyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ulipovua kofia ile, mwanangu, nilimwona yeye."

Pwani hii imezoea kuigeuza hofu ya mzazi kuwa maneno. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa kitandani, na hata jina lake ni dua ya wazazi kwa mtoto wao. Wengine hawakujaaliwa beti. Wao hofu yao hukaa katika viganja, ikapita kimya kutoka kwa mama hadi kwa binti, na binti akaipokea bila kujua imetoka wapi. Yule bibi hakuogopa nundu ya mjukuu wake kwa ujinga. Aliiogopa kwa ujuzi, ila ujuzi wake ulikuwa wa msiba mwingine.

Mwezi wa tatu ulipotimia, mvua zilikuwa zimekwisha na majamvi yamekunjwa. Nywele za mtoto zilikuwa zimeota, nyeusi na laini. Usiku mmoja, taa imezimwa, vidole vya mama vilitoka katika paji vikaenda kisogoni, vikapita, vikarudi kutafuta. Upande wa kulia haukuwa na kitu. Akapapasa tena upande wa kushoto akidhani amekosea upande. Hapakuwa na kitu pia. Hakumwamsha mumewe, aliyekuwa amekuja kuwatazama. Alijitanda kanga, akambeba mtoto, akavuka ukumbi mpaka chumbani kwa mama yake, aliyekuwa macho kama wazee walivyo saa hizo.

"Mama," akasema, "mshike kichwa."

Bibi akasita. Kisha akaunyoosha mkono ule ule wa kulia, akauweka juu ya kichwa cha mjukuu wake, akauacha hapo. Utosi ulikuwa ukidunda taratibu chini ya kiganja. Mtoto alilala, akaendelea kulala, na safari hii ulikuwa usingizi wa kweli.